Jinsi ya kupima kama boti inafaa kwa uvuvi

Wanaotaka kuanza kuvua kwa boti yao wenyewe huuliza maswali yale yale: boti iwe na urefu gani, injini iwe na nguvu kiasi gani, na je, mbao ni bora kuliko faiba? Maswali hayo ni ya msingi, lakini kuna moja linaloyatangulia yote, nalo ndilo linaloamua mengine: boti hii itakaaje majini ikiwa imesimama, imebeba mzigo wake wote, na watu wawili wameinama upande mmoja wakivuta wavu? Sehemu kubwa ya kazi ya mvuvi hufanyika boti ikiwa imetia nanga, inaelea na mkondo au inakwenda polepole sana, na boti inayopendeza machoni inapokata mawimbi kwa kasi inaweza kuwa ya hatari mara injini inapozimwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuikagua boti katika hali ya kazi, iwe ni boti unayotaka kuinunua au ile uliyonayo tayari. Unahusu boti ndogo za mita 4 hadi 9 hivi, zilizo wazi au zenye sitaha fupi upande wa omo, yaani mbele.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia na chaki.
- Tochi, bisibisi nyembamba na sarafu nzito.
- Kipande cha wavu mkuukuu, urefu wa mita moja au mbili.
- Madumu ya lita 20 ya kutosha kuwakilisha mzigo wako, pamoja na kamba za kuyafungia.
- Saa yenye kuhesabu sekunde.
- Jaketi okozi kwa kila mtu atakayepanda.
- Watu wengi kama wale utakaovua nao. Usijaribu hatua za majini peke yako.
- Maji matulivu yenye kina kisichozidi kifua, ambayo mkondo wake ni dhaifu.

Ukiambiwa na muuzaji kwamba boti haiwezi kuingizwa majini siku hiyo, rudi siku nyingine. Ukaguzi wa nchi kavu peke yake ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye majibu unayoyatafuta.

Hatua ya 1: Andika ni uvuvi gani utakaoufanya

Hakuna boti inayofaa kwa kila uvuvi. Mvuvi wa mishipi anahitaji nafasi ya kukaa bila kugongana viwiko na mwenzake, na boti isiyosukumwa ovyo na upepo. Mvuvi wa nyavu anahitaji sehemu pana iliyo tupu ya kulaza wavu, na ubavu usio mrefu mno wa kuuvutia. Mwenye madema (mitego ya samaki) anahitaji nguvu za boti upande mmoja, kwa kuwa kila dema linaloinuliwa huilaza boti kidogo. Andika aina ya uvuvi, idadi ya watu, umbali kutoka pwani au ukingoni, aina ya mawimbi ya huko uendako, na mahali utakapoipandisha boti baada ya kazi. Boti itakayokokotwa mchangani kila siku inahitaji mkuku (uti wa chini wa boti) imara uliovikwa chuma au mbao ngumu inayoweza kubadilishwa, na isiwe nzito kupita uwezo wa watu uliokuwa nao. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana, na nimeona boti nzuri zikiachwa ziozee ufukweni kwa sababu tu hakuna aliyeweza kuzisukuma.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo

Uzito wa mzigo huhesabiwa ukiwa katika hali yake nzito zaidi, yaani wavu uliolowa, barafu iliyojaa na samaki waliokwisha kupatikana. Katika nchi za joto, kadirio linalotumika sana ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Petroli huwa na uzito wa robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo lita 40 ni kama kilo 30.

Chukua mfano wa watu watatu wa kilo 75 kila mmoja, injini ya kilo 50, mafuta kilo 30, wavu uliolowa kilo 100, barafu kilo 100, samaki kilo 100, na nanga pamoja na amari (kamba) yake kilo 25. Jumla ni kilo 630. Watu na injini watakuwamo wenyewe wakati wa jaribio, hivyo zinazobaki ni kilo 355, ambazo utaziwakilisha kwa madumu 18 yaliyojaa maji. Badilisha namba hizi ziendane na kazi yako, lakini usizipunguze ili boti ipate kufaulu.

Hatua ya 3: Tazama umbo la chini

Inama uitazame boti kutoka nyuma, ikiwa juu ya ardhi.

Boti ya chini bapa hukaa imara ikisimama katika maji matulivu, hubeba mzigo mkubwa katika maji mafupi, na huvutika kwa urahisi mchangani. Ubaya wake ni kwamba hupiga kishindo kwenye mawimbi mafupi, na kishindo hicho huwashtua samaki wa maji mafupi na kuchosha migongo ya waliomo. Boti yenye chini ya pembe kali hupasua mawimbi vizuri inapokwenda kasi, lakini ikisimama huyumba upesi kila mtu anapohama. Boti ya mviringo huenda kwa nguvu kidogo ya injini, ila huenda mrama kwa urahisi isipokuwa iwe na mkuku mrefu au uzito wa kutosha chini. Zenye matumbo mawili, pamoja na mitumbwi yenye mirengu kama ngalawa, hupata uthabiti wake kutokana na upana. Husimama imara sana, lakini mirengu huzuia kazi ya nyavu ubavuni, na hilo lazima ulifikirie kabla.

Kwa anayeanza, mimi hupendelea umbo la kati: omo iliyochongoka inayopokea wimbi bila kishindo, na sehemu ya nyuma ambayo pembe yake imelala hadi kukaribia ubapa. Mtu akisimama ubavuni, boti ya namna hiyo hulala kidogo kisha hukaa hapo bila kuendelea.

Hatua ya 4: Gonga, choma na chungulia

Kwa boti ya mbao, choma taratibu kwa bisibisi mahali maji yanapotuama: kando ya mkuku, chini ya mataruma (mbavu za ndani za boti), na ndani ya ubao wa nyuma unaobeba injini. Mbao nzima hukataa ncha. Iliyooza huipokea kama mkate uliolowa. Chungulia kwa tochi uone kama kuna matundu madogo ya minyoo ya baharini, kwani tundu la nje huwa dogo sana ilhali ndani mbao imekwisha kuliwa kwa urefu. Kagua kalafati, yaani kinachoziba nafasi kati ya mbao, katika kila mwungano. Kalafati iliyotoka si sababu ya kuikataa boti, kwa kuwa kutia kalafati ni matengenezo ya kawaida, lakini mataruma yaliyovunjika mfululizo ni sababu tosha.

Kwa boti ya faiba, gonga kwa sarafu kila baada ya shubiri moja, ukisikiliza. Mlio mkali na mkavu ni dalili njema. Mlio uliofifia huonyesha tabaka zilizoachana au mbao ya ndani iliyolowa. Zungushia mahali hapo kwa chaki ili mwishoni uone ukubwa wa tatizo kwa ujumla. Kisha shika injini kwa chini uitikise mbele na nyuma huku mwenzako akiutazama ubao wa nyuma. Ubao ukicheza, au maji yakichuruzika penye skrubu, gharama ya matengenezo itakuwa kubwa. Uulize pia kuhusu povu lililomo chini ya sakafu, kwa kuwa povu la zamani hunyonya maji na kuifanya boti iwe nzito bila mtu kujua sababu.

Kwa boti ya alumini, tazama ribiti na maungio yaliyochomelewa, na hakikisha kwamba hakuna kipande cha shaba kilichogusana nayo wala rangi yenye shaba iliyopakwa chini yake. Shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi, alumini huliwa.

Hatua ya 5: Pitisha kipande cha wavu

Hatua hii huchukua dakika chache, na karibu kila anayeanza huiruka. Chukua kile kipande cha wavu mkuukuu, ukilaze juu ya ukingo wa boti, na ukivute taratibu kutoka omo hadi tezi (nyuma), nje na ndani, ukipita juu ya viti, vishikio na sanduku la samaki. Kila mahali patakaponasa, weka alama ya chaki. Mara nyingi utakuta kichwa cha skrubu kilichochomoza nusu milimita, ukucha wa faiba uliobanduka, au ncha ya msumari uliokunjwa vibaya. Alama chache hurekebishwa kwa tupa na msasa. Wavu ukinasa kila hatua, tambua kwamba aliyeijenga boti hiyo hakuwaza nyavu hata kidogo, na kuibadilisha itakuwa kazi ya fundi. Wavu ulionasa wakati unakimbia majini kwa uzito wake huweza kumvuta mtu nje au kuilaza boti, kwa hiyo usilihesabu jambo hili kuwa ni la usafi tu.

Hatua ya 6: Ipakie na uilaze upande mmoja

Hii ndiyo hatua kuu. Ingiza boti majini ikiwa na injini, na upime kwa tepu kimo cha ubavu juu ya maji mahali palipo chini kabisa, ikiwa tupu. Andika. Kisha panga madumu mahali halisi pa mzigo: ya barafu na samaki pale sanduku litakapokaa, ya wavu pale wavu utakapolazwa, ya mafuta karibu na injini. Yafunge yasibingirike. Watu wote wapande na kuketi, ndipo upime tena.

Sasa watu wote wanaofanya kazi ya kuvuta wavu wahamie ubavu mmoja, polepole, mmoja baada ya mwingine, na wainame kama wanaovuta. Pima mara ya tatu kwenye ubavu uliolala. Kwa maoni yangu, pakibaki pungufu ya shubiri moja hata katika maji matulivu kama hayo, boti hiyo haifai kwa mzigo huo, na wimbi la kwanza lenye nguvu litaingia ndani. Utazame pia namna inavyolala: boti nzuri hulala kidogo kisha hukaza, kana kwamba inaegemea kitu, boti mbaya huendelea kulala kwa urahisi ule ule kadiri uzito unavyoongezeka. Ukiona hali hii ya pili, simamisha jaribio mara moja na uwarudishe watu katikati.

Onyo: usiruhusu mtu yeyote kuruka au kucheza ubavuni "ili tuone itafika wapi." Jaribio ni la kupima, na madumu yaliyofungwa vibaya huteleza yote upande mmoja kwa mkupuo.

Mkiwa mmeinama hapo, angalia miguu yenu. Ukingo wa ndani ukiwa chini ya goti, mvutaji hana kitu cha kumzuia asitumbukie. Ukifika katikati ya paja, anaweza kuegemea na kutumia mikono yote miwili. Ubavu uliozidi hapo humlazimisha ainue wavu juu mno, na mgongo hulipa gharama.

Hatua ya 7: Pima muda wa kuyumba

Boti ikiwa bado na mzigo, iache ielee huru. Mtu mmoja abonyeze ukingo mara kadhaa kwa mapigo mpaka ianze kuyumba, kisha aache na kila mtu atulie. Hesabu sekunde za mizunguko minne kamili, yaani kutoka upande mmoja hadi wa pili na kurudi, kisha gawanya kwa nne. Ikitulia mapema, tumia mizunguko iliyopatikana. Kipimo rahisi kinachotumiwa kwa vyombo vidogo vya uvuvi vyenye sitaha ni kwamba muda wa mzunguko mmoja, kwa sekunde, uwe mdogo kuliko upana wa chombo kwa mita, mradi kimo cha ubavu nacho kiwe cha kutosha. Kwa boti iliyo wazi, itumie zaidi kama njia ya kulinganisha: pima ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo. Kuyumba kukiwa kuzito na kwa uvivu baada ya kupakia, uzito umekaa juu mno. Wengi hufurahia kuyumba kwa taratibu kwa sababu hakusumbui tumbo, bila kujua kwamba mara nyingi ni dalili ya chombo kilicho karibu kupinduka.

Hatua ya 8: Fuata njia ya maji

Mwaga madumu mawili ya maji ndani ya boti na uyatazame yanakokwenda. Yanapaswa kukimbilia mahali pamoja ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, ambapo pampu au upo (chombo cha kuchotea maji) unafika bila kuhamisha mzigo. Maji yasiyozuiliwa ni mzigo unaokimbilia upande ambao tayari umelala. Lita 200 ni kilo 200 zinazotembea. Ndiyo maana boti yenye viambaza vinavyoigawa sehemu sehemu ni salama kuliko iliyo wazi kutoka omo hadi tezi, ilimradi kila sehemu iwe na njia ya kutolea maji.

Kama boti ina sakafu inayojimwagia maji yenyewe kupitia matundu ya ubavuni, kagua matundu hayo mzigo wote ukiwamo. Yakiwa chini ya usawa wa maji, yatayaingiza badala ya kuyatoa. Mwisho uliza kama boti ikijaa maji itaendelea kuelea pamoja na watu wake. Mbao huelea, lakini injini na mzigo huweza kuizamisha; faiba na alumini huzama zisipowekewa povu au vyumba vya hewa vilivyozibwa.

Hatua ya 9: Kagua nafasi ya kazi na ya samaki

Sanduku la samaki liwe chini na katikati, lenye kuta za povu la unene wa sentimita 5 hadi 10, na tundu la kutoa maji ya barafu iliyoyeyuka ili samaki wasilale ndani yake. Sanduku lililowekwa juu ya kiti kwa sababu ni rahisi kulifikia hupandisha uzito juu na kuharibu kila ulichokipima katika hatua ya 6 na ya 7. Sakafu iwe na rangi iliyochanganywa na mchanga, kwa sababu ute wa samaki huteleza kuliko maji. Mtu aweze kupita kutoka omo hadi tezi bila kukanyaga wavu.

Hatua ya 10: Linganisha injini na boti

Boti inayosukuma maji bila kupanda juu yake ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake kwenye usawa wa maji: ya mita 6 hufika takriban maili 6 za baharini kwa saa, na ya mita 9 hufika 7 na kidogo. Kuifunga injini kubwa boti ya namna hiyo ni kuchoma mafuta na kuididimiza tezi. Boti iliyoumbwa kupanda juu ya maji huhitaji nguvu zaidi, lakini usizidishe kiwango kilichoandikwa na mjenzi.

Pima urefu wa ubao wa nyuma. Injini fupi hutengenezwa kwa ubao wa inchi 15 hivi na ndefu kwa inchi 20. Bamba dogo lililo juu ya pangaboi liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo tu. Kwa safari, gawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba. Uwe pia na makasia, na uyajaribu siku hiyo hiyo, kwa kuwa boti nyingine hazina hata mahali pa kuyatia.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyarekebisha

Boti inalala mno watu wakihamia ubavuni. Shusha kwanza uzito: toa kitu chochote kilicho juu ya viti, na ulaze wavu sakafuni. Upunguze mzigo au mtu mmoja, kisha upime tena. Kuongeza mawe au saruji chini husaidia boti nyingine, lakini kunakula kimo cha ubavu, kwa hiyo usifanye hivyo bila kurudia hatua ya 6.

Tezi imedidimia na omo imeinuka. Sogeza mafuta na barafu mbele. Hali ikibaki ile ile, injini ni nzito mno kwa boti hiyo.

Injini inalia kwa nguvu bila boti kwenda kwenye mawimbi. Pangaboi linavuta hewa. Injini imekaa juu mno, au ni fupi kwa ubao huo.

Boti inavuja lakini tundu halionekani. Ipandishe nchi kavu, mimina maji ndani kwa kiasi kidogo, na utazame yanapotokea nje. Kwa boti ya mbao iliyokaa juani muda mrefu, iache majini siku moja au mbili mahali pa kina kifupi, kwa kuwa mbao huvimba na kujifunga zenyewe. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, inahitaji kalafati.

Boti inapeperushwa na upepo na mishipi inapinda. Ondoa kivuli au pazia lililo juu, au burura ndoo au mfuko imara wa turubai uliofungwa omoni.

Nanga haishiki. Mara nyingi amari ni fupi: toa urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, na uongeze mita moja au mbili za mnyororo karibu na nanga. Amari ifungwe omo siku zote. Kuifunga tezi, ambako ubavu ni mfupi na injini ni nzito, hukaribisha mawimbi ndani, na mkondo ukiwa mkali boti hujaa kabla ya mtu kuwahi kuikata kamba.